Je, Aliyepewa Nusukaputi Amelala?

Ndugu yetu mmoja alitiwa nusukaputi kabla ya adhuhuri ili apasuliwe tumbo, akazindukana jua limekwisha kuchwa. Auliza: je, adhuhuri na alasiri ni deni juu yake?

Zamani nilikuwa nikijibu upesi: lipa, kwani ulilala, na mwenye kulala hulipa. Kilichonikosesha ni jina. Sisi twaiita dawa ya usingizi, nami nikalishika jina nikaliacha jambo lenyewe.

Mwaka 1929 tabibu wa Kijerumani, Hans Berger wa mji wa Jena, alitangaza kuwa umeme mdogo utokao katika ubongo waweza kuandikwa kwa waya zibandikwazo kichwani. Mtu aliye macho, akifumba macho akatulia, huonekana kisogoni mwake mawimbi kama 10 kwa kila sekunde. Alalapo, mawimbi huwa makubwa na ya polepole, kisha huja ya ndoto, na mzunguko huo hurejea kila dakika 90 au karibu yake. Na wakati wowote ukimtikisa ataamka. Lakini aliyetiwa mshipani dawa ya propofoli, yale mawimbi 10 hutoweka kisogoni yakadhihiri kwenye paji la uso, pamoja na mengine mazito yasiyotimia hata moja kwa sekunde, wala mzunguko wa usingizi haupo. Dawa ikizidi, mstari hunyooka kitambo kama wa maiti, ukaruka, ukanyooka tena. Ni mlalaji gani akatwaye matumbo asiamke?

Basi huyu ni mwenye kuzimia. Na katika madhehebu yetu ya Kishafi, aliyezimia wakati wote wa sala pasipo kosa lake halazimiki kuilipa, na mwenye kutumia dawa kwa haja hana kosa. Akilipa kwa hiari yake ni vyema. Lakini lau alizindukana kabla ya kuchwa, ijapokuwa kwa kadiri ya takbiri moja, akadumu na fahamu zake, zote mbili zamwandama.

Walakini mtu asidhani kuwa hukumu imefungwa kwenye waya. Dawa ya ketamini huyaharakisha mawimbi, na wengine huzindukana wakisimulia ndoto. Nao pia hawakuwa na akili ya kuitikia adhana. Hukumu yafuata kuondoka kwa akili. Mawimbi yalinizindua mimi tu, niliyedanganywa na neno.

Yuko mzee mmoja niliyemtia mashaka kwa jawabu langu la kwanza, akawa ahesabu sala zake kwa hofu. Nimekwisha kumwendea nikamtaka radhi.