Injini Isiyo na Kazi

Injini yetu ilinguruma kwa sekunde 11. Najua kwa sababu binamu yangu alikuwa anarekodi na simu, na hiyo video nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyopenda kukubali. Kwenye sekunde ya tisa hivi, ukiweka simu karibu na sikio, kuna sauti nyingine nyuma ya ngurumo. Ni mtu anapiga nduru.

Hii ilikuwa Kapsokwony, Desemba, mahindi yameshavunwa na anga la Mlima Elgon liko safi. Binamu yangu ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza mageti, madirisha, na vitanda vya shule za bweni. Mimi nilikuwa nimetoka Nairobi na kichwa kilichojaa injini moja tu, ile ambayo Waingereza huiita pulsejet. Nilikuwa nimeisoma usiku kwa miezi kadhaa badala ya kusoma yale niliyolipiwa karo.

Uzuri wake ni kwamba karibu haina kitu. Haina pistoni, haina feni, haina gia, na aina tuliyotengeneza sisi haina hata valvu. Ni paipu iliyokunjwa kama herufi U: tumbo pana la kuchomea gesi, mdomo mfupi wa kuvuta hewa, na mkia mrefu. Gesi ikilipuka tumboni, moto unakimbilia nje kupitia mdomo na mkia. Ule moto ukiwa na kasi unapitiliza, na nyuma yake tumbo linabaki na mgandamizo mdogo kuliko hewa ya nje. Basi hewa mpya inavutwa ndani, gesi inaingia nayo, inakutana na mabaki ya moto wa kwanza, inalipuka tena. Kwa paipu ya ukubwa wa yetu hilo hutokea kama mara 100 kwa sekunde. Plagi ni ya kuiamsha tu. Ikishaamka inajipumulia yenyewe. Nikimweleza mtu hapa, mikono yangu hutetemeka kidogo, hata leo.

Ila ilikataa kuamka. Siku tatu nzima ilikuwa inanguruma tukiwa tumeielekezea bloa, tukiiondoa bloa inakohoa mara mbili na kufa. Tukashuku nyufa za kuchomelea, tukazipaka maji ya sabuni, tukapata moja, tukaiziba. Bado. Tukavuta bomba la gesi nyuma kidogo kutoka mdomoni. Ikawa nafuu, lakini bado. Ni binamu, ambaye hajawahi kukaa darasa la fizikia zaidi ya kidato cha pili, aliyesema: "Hii kitu inashiba gesi na haina hewa. Uko mlimani, bro." Vipimo vyangu vilikuwa vya watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Tukapunguza gesi, tukaongeza mkia shubiri moja, na alasiri ya siku ya nne binamu akaondoa bloa na paipu ikaendelea kupiga kelele peke yake, tumbo likiwa jekundu kama kaa la moto.

Nilifurahi jinsi nilivyofurahi mara chache sana maishani. Halafu tukafunga gesi, na kwenye ule ukimya ndipo tukasikia nduru vizuri.

Alikuwa Koko wa jirani. Hivyo ndivyo tunavyowaita nyanya huku, na si nyanya yangu wa damu. Alikuwa kwenye mahindi yake yaliyokwisha kuvunwa, amelala kifudifudi kati ya mabua, mikono juu ya kichwa. Mjukuu wake wa miaka sita hivi alikuwa amesimama kando yake, anashangaa, kwa sababu mtoto hakuwa na la kuogopa. Kwake yeye ilikuwa kelele tu.

Wewe msomaji wa Nairobi au Mombasa huenda unahitaji kukumbushwa. Kuanzia mwaka 2006 kundi la Sabaot Land Defence Force lilishika silaha huku kwa sababu ya ugomvi wa mashamba ya Chebyuk, likaua na kukata watu masikio. Machi 2008 jeshi likaingia kwa operesheni iliyopewa jina la Okoa Maisha. Wanaume walikusanywa kwa maelfu, na mashirika ya haki za binadamu yakaandika kuhusu mateso na watu waliopotea. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Nakumbuka helikopta. Mwana wa pili wa Koko alitoka nyumbani mwaka huo na hakurudi. Nani alimchukua, kila mtu hapa ana jibu lake, na mimi siandiki kesi.

Nilimwinua, nikamwomba msamaha, nikaanza kueleza. Na hapo ndipo swali langu lilipoanzia, kwa sababu nilieleza vizuri sana. Nilisema si bunduki, si bomu, ni injini, Koko, ni majaribio tu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akajipangusa udongo, akauliza: "Inafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Haifanyi kitu. Haisagi mahindi, haipampu maji. Inakunywa gesi kama mlevi na inarudisha kelele.

Utetezi wa kwanza niliojipa usiku ule ni wa nia. Sikukusudia kumwogofya mtu, na kosa lisilokusudiwa si kosa. Huu utetezi ulidumu mpaka nilipopata usingizi, asubuhi ukawa umekufa. Mtu anaweza kudai hakujua pale ambapo kweli hakuwa na njia ya kujua. Mimi nilikulia pale. Nilijua nani alipoteza nani, boma kwa boma. Nilichofanya ni kwamba sikukumbuka, na kutokumbuka ni jambo tofauti na kutojua. Nilikuwa nimetumia miezi nikihesabu urefu wa mkia wa paipu, na sikutumia hata dakika moja kuhesabu sauti itafika wapi.

Utetezi wa pili ni ule wanaoupenda wahandisi: ujuzi hauna dini, hauna upande, ni mtumiaji ndiye mbaya. Kwa injini hii hasa, huo utetezi una historia ngumu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani walichukua kazi ya mhandisi Paul Schmidt, kampuni ya Argus ikaikamilisha, na wakaifunga ile paipu juu ya bomu lenye mabawa, V-1. Ya kwanza iliangukia London tarehe 13 Juni 1944. Waingereza zaidi ya 6,000 waliuawa na V-1, na baadhi ya hizo V-1 ziliundwa na wafungwa waliofanyishwa kazi kitumwa ndani ya mahandaki karibu na Nordhausen. Ile injini ilikuwa na vilimi vyembamba vya chuma vilivyofunguka na kufunga mara 40 na kitu kwa sekunde, na vilimi hivyo vilichakaa upesi. Kwa ndege ya kawaida huo ungekuwa ubovu. Kwa V-1 haikuwa shida, maana safari yake ilikuwa dakika 20 na kitu, ya kwenda tu. Urahisi wake, ule ule ulionifanya nitetemeke mikono, ndio uliofaa kazi hiyo: injini ya bei ya chini kwa chombo kisichotarajiwa kurudi.

Watu wa London walijifunza kuisikiliza. Ikiwa inanguruma, uko salama bado. Ikinyamaza, inaanguka. Sasa fikiria mtu aliyepitia hayo, miaka kumi na kitu baadaye, kijana wa jirani awashe moja uani ili afurahi. Huyo kijana angekuwa na haki? Nikiuweka mfano London naona jibu haraka. Nikiuweka Kapsokwony naanza kutafuta sababu. Hiyo peke yake inanitia wasiwasi.

Lakini sitaki kujihukumu mpaka mwisho, kwa sababu kuna upande mwingine na binamu aliusema kwa hasira. "Kwa hivyo sisi tunyamaze mpaka lini?" Alisema mlima mzima umefundishwa kuinamisha kichwa, na kwamba kama kila kitu chenye sauti lazima kiombe ruhusa kwa aliyeumia zaidi, basi wale wa 2008, wa msituni na wa magwanda, bado wanatutawala. Alisema kinu cha kusaga pale sokoni kinapiga kelele kutwa na hakuna anayelala kifudifudi. Nikamwambia kinu kinajulikana, kina saa zake, na kila mtu hula unga wake. Akasema hata kinu kilikuwa na siku ya kwanza.

Hapo alinishika. Na kuna la ziada. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ikaenda kuchunguza miale ya eksirei ya angani. Roketi yake ilinguruma kwenye bahari yetu, na vitabu vinaiita sayansi. Kijana wa Elgon akichomelea paipu, inaitwa fujo, au pengine anaitiwa polisi. Kwa nini kelele za wenye mitambo mikubwa zihitaji sababu ndogo, na zetu zihitaji sababu kubwa? Injini isiyo na kazi ndiyo iliyomfundisha binamu yangu kwamba vipimo vya vitabuni havikuandikiwa mlima wake. Hilo si kitu kidogo. Sijui ningelipima kwa mizani gani dhidi ya mwanamke kwenye mabua.

Nadhani, nikilazimishwa, nasema hivi: sikukosea kuitengeneza. Nilikosea kufikiri kwamba maelezo yangu baada ya tukio yalikuwa sawa na kuulizwa kwake kabla. Maelezo yalikuwa kwa ajili yangu. Yalinirudishia mimi sura ya kijana mzuri. Yeye alikuwa tayari ameshakula udongo.

Siku mbili baadaye nilikwenda kwake na sukari kilo mbili, kama inavyotakiwa, na sikuanza na injini. Tuliongea mvua, tukaongea bei ya mbolea. Mwishowe nikamwambia tungependa kuiwasha mara moja tena, na kama hataki tutaikata vyuma. Nilitegemea akatae, na nusu yangu ilitaka akatae ili mambo yaishe. Akauliza maswali ambayo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza. Saa ngapi? Kwa muda gani? Inazimwa wapi?

Nikamwambia inazimwa kwenye koki ya mtungi, na mtungi uko mbali, mpira wake ni mrefu.

"Basi mimi nitakaa kwa mtungi," akasema. "Nikichoka nafunga."

Alikuja Jumamosi saa nne asubuhi, amevaa sweta lake la kanisani, mjukuu mgongoni. Tukampa pamba za masikio, binamu akamwekea kiti cha plastiki kando ya mtungi na kumwonyesha koki inafungwa upande gani. Akaijaribu mara tatu, funga, fungua, funga, kisha akafungua na kutuangalia kama mwalimu anayesubiri darasa.

Binamu akawasha bloa, mimi nikagusa plagi. Paipu ikakohoa, ikakohoa tena, ikafa. Tukajaribu karibu saa nzima. Koko hakuondoa mkono kwenye koki hata mara moja, na jua lilipokuwa kali akauliza kama tumeangalia ile nyufa ya juzi.