Andikeni Madeni Yenu Mwaka Unapoanza

Ndugu zetu walioingia katika Uislamu karibuni, na hata wale ambao wangali wanauchunguza, huona ajabu waambiwapo kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu haizungumzi habari za Sala wala za Pepo, bali yazungumza habari za kuandika madeni. Aya hiyo imo katika Sura Al-Baqara. Humo Mwenyezi Mungu anawaagiza waaminio kwamba wakopeshanapo kwa muda maalumu waandike, mwandishi aandike kwa uadilifu, mashahidi wawepo, wala watu wasichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. Biashara ya mkono kwa mkono tu ndiyo iliyosamehewa.

Tena tazameni jambo moja ambalo wengi hulipita upesi. Anayeamriwa kuyatamka maneno ya kuandikwa si mwenye mali, bali ni yule anayedaiwa. Mwenye mali ana nguvu, naye angeweza kuongeza. Mdaiwa akitamka mwenyewe, amelikiri deni lake, na papo hapo amekingwa asibebeshwe lisilo lake.

Sasa twendeni Lugoba, katika barabara itokayo Chalinze kwenda Segera. Mtu wa Lugoba aijua Januari. Avunjaye kokoto hulipwa kwa kazi ya siku. Mwenye shamba la nanasi huko Kiwangwa hungoja msimu. Lakini tumbo halingoji msimu. Mahindi ya masika yamekwisha ghalani, na shule zinafunguliwa. Ni kweli kwamba ada ya shule za sekondari za serikali iliondolewa mwaka 2016, kidato cha kwanza hadi cha nne, ila sare, viatu na madaftari hakuna aliyeviondoa. Hapo ndipo mkopo ambao watu wenyewe wameuita “kausha damu” hupiga hodi.

Tufanye hesabu. Mtu akopa shilingi 100,000 ili arudishe 130,000 baada ya mwezi. Mwezi ukifika hana kitu, basi akopa kwingine kwa sharti lile lile ili alipe la kwanza. Mwezi wa pili adaiwa 169,000. Mwezi wa tatu, 219,700. Mtoto aliyenunuliwa viatu kwa fedha hiyo hajamaliza hata muhula mmoja! Je, bado tutauliza kwa nini Uislamu umeharimisha riba kwa ukali namna ile? Serikali nayo imeliona janga hili: ilitunga Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018, na mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya wakopeshaji wa mitandaoni wasio na leseni. Mwenye haja na aulize kwanza halmashauri, ambayo hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Lakini kabla ya kuomba lolote, chukua daftari la kawaida. Wengi huanza mwaka kwa kuandika wanayoyatamani: bati, pikipiki, ng'ombe. Anza na unayodaiwa. Andika la dukani, la simu, la kikundi, na lile la shemeji unaloliona aibu kulitaja; kila moja na kiasi chake na siku ya kulipa. Kisha mwite mkeo, au mumeo, asome. Najua hapa wengi watasita. Deni linalofichwa ndani ya nyumba ndilo hujulikana siku ya matanga, wadai wanapofika na hakuna awezaye kusema hili ni kweli na hili ni uongo.

Mtukufu Mtume s.a.w. alikuwa, jeneza likiletwa, akiuliza kama maiti ana deni. Ikiwa analo na hakuacha cha kulipia, aliwaambia masahaba wamsalie wao, naye akajizuia, mpaka mara moja Abu Qatada alipolichukua deni la marehemu juu yake. Baadaye, Mwenyezi Mungu alipowapa Waislamu nafasi, Mtume mwenyewe aliyabeba madeni ya waliokufa hawana kitu. Na katika Sura An-Nisa, urithi haugawanywi ila baada ya wasia na deni kutolewa. Warithi watatoaje wasilolijua?

Uko pia ukurasa wa watu unaowadai wewe. Aya mbili tu kabla ya ile aya ndefu, Mwenyezi Mungu anaagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate nafasi, na kumsamehe kabisa ni bora zaidi. Basi ukikuta jina la jirani ambaye ufuta wake ulikauka shambani, usimwendee leo. Andika pembeni ya jina lake tarehe mpya, baada ya mavuno ya masika, kisha umpelekee habari kwamba umeiandika.