Jina la Aliyeondoka

Kama kazi ya mwenzako imo ndani ya kazi yako, naye ameshaondoka, una haki gani ya kuifuta alama yake? Swali hili laweza kuonekana la mahakamani, au la watunzi wa vitabu. Mimi lilinikuta kwenye folda za kompyuta.

Tulikuwa vijana wanne, watatu wa Handeni na mmoja wa Korogwe, tukitengeneza programu ya simu ya kuonyesha bei za mahindi katika soko la Chanika na la Manundu. Kila mtu anafanya kwake, halafu flashi inapanda basi, kilomita 65 za lami. Matokeo yake unayajua, ndugu msomaji: folda "mpya", "mpya2", "mpya_kabisa", "hii_ndiyo". Mwenzetu wa Korogwe aliandika karibu nusu ya yote. Kisha akachoka kufanya kazi bila ujira, akaenda zake kuendesha bodaboda. Hapo ndipo tulipoamua kuuhamishia mradi kwenye Git.

Git aliianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, kwa ajili ya Linux, kazi inayoandikwa na watu wengi walio mbalimbali. Inatunza kila hatua: nini kilibadilika, lini, na kwa mkono wa nani. Unaweza kuchepusha tawi, ukajaribu mambo yako bila kuliharibu shina, kisha ukayaunganisha. Tukaona vema: tawi la Handeni, tawi la Korogwe.

Mmoja wetu akasema tuanze ukurasa safi. Chukua folda ya mwisho, iwe ndiyo hatua ya kwanza, jina moja, basi. "Hizo takataka za nini, kaka? Nani atajua?" Akaleta na mfano wa maji: Handeni tunakunywa maji yanayovutwa kwa bomba kutoka mto Pangani, upande wa Korogwe, na hakuna anayeitaja Korogwe akishika kikombe.

Hoja yake haikuwa ya kijinga. Historia ile ilikuwa chafu kweli. Bei za Korogwe zilikuwa kwa kilo, za Handeni kwa debe, na mahali pamoja debe lilihesabiwa kuwa kilo. Tena Git ina amri ya kuonyesha kila mstari uliandikwa na nani, na jina la amri hiyo kwa Kiingereza maana yake ni kulaumu! Je, ni wema kumwacha mtu alaumiwe miaka yote kwa kosa ambalo hayupo kulisahihisha? Binadamu husahau, na kusahau huko ndiko kunakotuwezesha kuishi mtaa mmoja.

Lakini anayeomba kusahauliwa huwa ni mwenye kosa. Yeye hakuomba kitu. Waliotaka kusahau walikuwa Handeni, na kilichokuwa kinasahauliwa ni deni. Kosa la debe lingefutwa, na nusu ya programu ingebaki, imevaa jina jingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda hata programu za kompyuta, na inampa mtunzi haki ya kutajwa. Tuiache sheria, nani ataacha pikipiki yake aende mahakamani?

Kilichonifikirisha zaidi ni mashine yenyewe. Kila hatua hupewa alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo pamoja na alama ya hatua iliyotangulia. Ukigusa ya zamani, alama za zote zilizofuata hubadilika, na mwenye nakala akilinganisha ataona. Lakini siku ya kwanza je? Siku ile Git inaamini chochote. Ukiiambia mtunzi ni wewe, inaandika wewe. Ukiiambia ni Mfalme Suleimani, inaandika Suleimani! Baada ya hapo inaulinda uongo wako kwa bidii ileile ambayo ingeulinda ukweli. Watu hudhani chombo kisichosahau ni chombo kisemacho kweli. Wapi! Siku ya kuhamia ndiyo siku ambayo uongo ni rahisi kuliko siku zote.

Bahati nzuri inapokea majina mawili, la mtunzi na la aliyeingiza. Tulibishana siku tatu. Mwishowe tukaingiza folda moja moja kwa tarehe zake, za Korogwe kwa jina lake, sisi tukiwa wapagazi tu. Wakati wa kuunganisha matawi Git ikagoma kwenye mstari wa debe na kilo: ikaweka maneno ya pande zote mbili, juu na chini, ikasubiri. Yenyewe haichagui. Tukachagua kilo, maana debe la sokoni hujazwa mpaka likaota kilima.

Nikampigia simu kumweleza. Akasikiliza, akauliza, "Sawa kaka, hilo jina linalipa?"

Nikamwambia bado. Akasema abiria anamngoja.