Somo Lipi Litangulie?

Kijana wa Rusizi aingiapo chuo kikuu hukabidhiwa orodha ya masomo ya lazima ya mwaka wa kwanza. Kuyasoma hana budi. Lakini pale chuo kinapomwachia upangaji, na hata pale ratiba iliyokwisha pangwa inapombana, swali moja hubaki mikononi mwake: nguvu zake za mwanzo azielekeze katika somo lipi?

Jawabu la haraka ni kuanza na lililo jepesi. Jawabu hilo halifai kubezwa. Mtoto wa mkulima aliye mbali na kwao ahitaji kuona kwamba anaweza, na alama njema za mwanzo humtia moyo. Shida ni kwamba mara nyingi wepesi hutudanganya. Tuchukue mfano wa Kiswahili chetu. Kijana wa Kamembe amekisikia tangu utotoni, maana Bukavu iko ng'ambo tu ya mto Rusizi, na wachuuzi wa pande zote mbili hukitumia. Huingia darasani akidhani amekuja kupumzika. Siku atakiwapo kueleza upatanisho wa ngeli, au kuandika insha sanifu, ndipo atambuapo kwamba lugha ya sokoni haikumfikisha alikodhani.

Kuna na somo analoliogopa. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kushika Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia mahali pa Kifaransa. Basi mwanafunzi aliye dhaifu katika Kiingereza, akiahirisha somo la stadi za lugha hiyo kwa kuwa linamwaibisha, atasoma uchumi na biolojia kama mtu atazamaye njia katika ukungu. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu uko katika msingi.

Wakulima wa mpunga wa bonde la Bugarama walijua jambo hili bila kufundishwa na profesa. Kwanza huotesha miche kitaluni, kisha huihamishia shambani. Kitalu hakijazi ghala, wala hakuna asifiwaye kwa ajili yake. Lakini mwenye kukipuuza atavuna majuto.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kijana asipime kwa ugumu wala kwa wepesi. Ajiulize: ni somo lipi ambalo nikilikosa, mengine yote yatatetereka? Hilo litangulie. Iwapo ni mgonjwa, au afanya kazi usiku ili apate karo, hakuna aibu kuanza na mzigo mwepesi, mradi ajue siku atakayorudia ule mzito. Kuahirisha bila siku maalumu ni kukimbia.

Nasi walimu tuna sehemu yetu. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Tangu mwaka 2017, Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda, tumefurahi, na ni haki yetu kutaka wanafunzi wengi. Lakini ajapo kijana kutuomba shauri, hatuulizwi habari za darasa letu. Twaulizwa habari za maisha yake. Huenda siku moja ikatulazimu kumwambia: "Mwanangu, nenda kwanza kwa mwenzangu, somo langu litakungoja." Mwalimu awezaye kutamka maneno hayo amemfundisha mwanafunzi wake somo ambalo halimo katika orodha.