Kumjua Mkosaji na Kulipa Deni la Haki

Swali la iwapo haki hukamilika pale ukweli unapojulikana ni la kale katika falsafa na katika dini, lakini tamthilia za polisi, yaani michezo ya televisheni inayofuatana na wapelelezi tangu uhalifu unapotendeka hadi mhusika anapobainika, hulijibu bila hata kuliuliza. Mfano wa karibu ni Crime and Justice, tamthilia ya Kenya iliyoanza kuonyeshwa Showmax Februari 2021, ambamo Sarah Hassan na Alphonse Makokha waliigiza wapelelezi Makena na Silas jijini Nairobi katika visa vilivyofanana na habari za magazetini, na ambayo ilikoma baada ya misimu miwili tu.

Augustino wa Hippo, mwanateolojia wa Afrika ya Kaskazini, aliungama katika kitabu chake cha Maungamo kwamba alipokuwa mwanafunzi Karthago alipenda mno michezo ya jukwaani, na akahoji ni huruma ya namna gani hiyo isiyomwita mtazamaji aende kumsaidia anayeteseka, bali amwonee huzuni tu na kuifurahia. Hoja hiyo inaichoma tamthilia ya polisi zaidi ya michezo ya Karthago, kwa sababu hapa mtazamaji hapewi huzuni peke yake, hupewa na kitulizo: pingu zikishafungwa, moyo hutua kana kwamba deni limelipwa.

Deni lenyewe bado lipo. Wanazuoni wa Kiislamu hutenganisha haki za Mwenyezi Mungu na haki za waja, yaani yale ambayo mtu anamdai mtu mwenzake, na hufundisha kwamba toba ya aliyedhulumu haitimii mpaka arudishe alichochukua au asamehewe na mwenyewe.

Tofauti kati ya kumjua mkosaji na kulipwa deni huonekana waziwazi Tunduma, mkoani Songwe, ambako nyumba za upande wa Tanzania na za Nakonde, Zambia, zimesogeleana kiasi kwamba mgeni aweza kuvuka mpaka asijue. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa mwaka 2019, huwawezesha madereva wa malori kukamilisha taratibu za nchi zote mbili mahali pamoja, lakini mamlaka ya askari hukoma pale pale mpakani. Mama aliyetoa magunia ya mahindi kwa ahadi ya kulipwa jioni, yakavushwa kwa baiskeli kupitia njia za panya, hubaki na kipande cha karatasi chenye namba ya simu isiyopatikana. Jina la mdeni wake analijua, sura anaijua, pengine hata mlango wa nyumba yake anauona. Mpelelezi hodari kuliko wote hana la kumgundulia mama huyu.

Isingekuwa haki kuilaumu tamthilia kwa hilo, kwani kiu inayoiamsha ni ya kweli na ni njema. Kasoro yake ni kumwacha mwenye kudai nje ya hadithi, na misimu miwili ilikuwa michache mno kwa wapelelezi kurudi kwa wafiwa na kuwauliza wamelipwa nini. Wanyamwanga, ambao jamaa zao wanaishi pande zote mbili za mpaka huo, wana njia ambayo askari hana: wazee wa ukoo wanaweza kuvuka, wakaketi na jamaa wa mdeni, na mazungumzo yao yakaanzia pale tamthilia inapoishia, kwenye idadi ya magunia na siku ya kuyarudisha.