Onyo Hutolewa Ukiwa Bado Nchi Kavu

Julai 5, 2018, boti ya watalii iliyoitwa Phoenix iliondoka ghuba ya Chalong, kusini mwa kisiwa cha Phuket nchini Thailand, ikaelekea kisiwa cha Racha. Ilikuwa safari ya kutwa: kutembezwa visiwani, kuogelea katika maji mangavu, kutazama samaki wa matumbawe, kisha kurudi jioni. Abiria wengi walikuwa watalii kutoka China, baadhi yao wakiwa na watoto. Wakati wa kurudi, dhoruba ikawakuta karibu na kisiwa kidogo cha Hae. Boti ikapinduka na kuzama kwa muda mfupi mno. Watu 47 walikufa, watoto wakiwa miongoni mwao.

Naisimulia habari hii kwa moyo mzito, wala sikusudii kuwanyoshea kidole marehemu. Waliopanda boti ile walikuwa watu kama mimi na wewe. Walifanya kazi, wakaweka akiba, wakaamua kuzipeleka familia zao baharini. Lau ningekuwa Phuket siku ile, nimeshalipa nauli na watoto wameshavaa nguo za kuogelea, sina hakika kama ningepata ujasiri wa kusema hatuendi. Ndiyo maana nataka tuzitazame pamoja dalili zilizokuwapo, ili siku yetu ikifika tuzitambue mapema.

Dalili ya kwanza ilikuwa msimu wenyewe. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaijua kusi, inayovuma kuanzia kama Aprili hadi Septemba, ikaichafua bahari na kuwafanya wavuvi wenye vyombo vidogo wasiende mbali na ufuo. Mfumo huohuo wa pepo za Bahari ya Hindi, ukishavuka ikweta, hupinda na kuvuma kutoka kusini magharibi hadi pwani ya Thailand inayotazama bahari ya Andaman. Kule msimu huo huanza kama Mei ukaendelea mpaka Oktoba, na Julai iko katikati yake. Ni miezi ya mvua, upepo wa ghafla na mawimbi. Ni miezi pia ambayo wageni hupungua na bei za hoteli na safari hushuka. Mgeni huiona nafuu ya bei akafurahi, asiulize kwa nini bei imeshuka.

Dalili ya pili ilitamkwa wazi. Idara ya hali ya hewa ya Thailand ilikuwa imeshatoa onyo la upepo mkali na mawimbi makubwa katika bahari ya Andaman, na kuvitaka vyombo vidogo vibaki pwani. Hata hivyo boti zilitoka. Phoenix haikuwa peke yake: boti nyingine ya watalii, Serenata, nayo ilizama siku hiyohiyo katika maji ya Phuket, ingawa watu wake waliokolewa. Mawimbi yaliyoipiga Phoenix yaliripotiwa kufikia mita 5. Wimbi la namna hiyo linapita kimo cha dari ya nyumba ya kawaida.

Onyo linapokuwa limetolewa, linapuuzwaje na watu wenye akili zao timamu? Hapa ndipo ninapoomba tukae kidogo, maana ndipo penye funzo.

Kwanza, safari za kutwa huondoka asubuhi. Mara nyingi asubuhi bahari imetulia, jua linawaka na maji yanameta. Mtu akilinganisha tangazo la jana na utulivu anaouona kwa macho yake, huyaamini macho. Anasahau kwamba onyo la hali ya hewa halizungumzii saa ya kuondoka peke yake. Linazungumzia siku nzima, na yeye amepanga kuwa baharini siku nzima. Saa atakayolikuta wimbi ni saa ya kurudi, amechoka, watoto wamesinzia, na gati liko mbali.

Pili, kila mmoja humtegemea mwenzake. Abiria husema moyoni, nahodha ndiye anayeijua bahari. Kama kungekuwa na hatari asingeondoka. Nahodha naye anamtazama mwenye boti, aliyekwisha kupokea fedha za watu na kununua mafuta na chakula. Mwenye boti anaona wenzake wanatoka, anasema akibaki yeye atapoteza wateja. Msimamizi wa gati anaona hakuna anayelalamika. Mwishowe boti inaondoka bila hata mtu mmoja kuwa amepima kwa dhati kama inafaa kuondoka. Kila mmoja anaamini kwamba uamuzi huo ulishafanywa na mwingine.

Tatu, fedha zimeshalipwa. Likizo ni fupi, ndege inaondoka keshokutwa, na watoto wameahidiwa. Fedha iliyokwisha kutoka mfukoni ina nguvu ya kumsukuma mtu mbele. Lakini tukumbuke kwamba mtu aliye gatini, hata akipoteza nauli yote, amepoteza nauli tu. Boti ikishafika katikati ya bahari na upepo ukaanza kupanda, hakuna tena uamuzi wa bei hiyo.

Dalili ya tatu ilikuwa katika boti yenyewe, na hii ni vigumu kwa abiria kuiona. Phoenix ilikuwa boti ya kupendeza. Ilipoopolewa mwezi Novemba 2018 kutoka kina cha mita 45 hivi, wachunguzi walieleza kasoro za ujenzi wake. Milango ya kuzuia maji ilikuwa pungufu ya ile iliyotakiwa, na vioo vya madirisha havikuwa vya aina inayoweza kuvunjwa kwa dharura ili watu watoke.

Kasoro hizo zina uzito gani? Chukua sinia lenye maji, ulinyanyue kwa mikono miwili, uliinamishe kidogo tu. Maji yote hukimbilia upande ulioinama na kulivuta sinia lizidi kuinama. Ndivyo inavyokuwa ndani ya boti iliyoingiwa na maji. Ikiwa na kuta na milango inayoyafungia maji mahali pamoja, boti huweza kujinyanyua tena baada ya wimbi kupita. Isipokuwa nayo, maji huzunguka kwa uhuru, na kila boti inapolalia upande mmoja uzito wote huenda upande huo. Abiria nao, kwa hofu, hukimbilia upande mmoja au hupanda sitaha ya juu, na uzito ukipanda juu chombo huwa chepesi kupinduka. Kwa hiyo nahodha akisema kaeni mlipo, tafadhali kaeni, isipokuwa mmeambiwa mhame au boti imeanza kuzama.

Kuna jambo jingine lililowagharimu watu wengi. Mvua na mawimbi yalipoanza, baadhi ya abiria walikuwa ndani, katika chumba kilichofungwa. Ni jambo la kawaida kabisa: mvua ikinyesha binadamu hutafuta paa, na mzazi humwingiza mtoto ndani asilowe. Boti ilipopinduka, waliokuwa ndani walinaswa, na wazamiaji walikuta miili ndani ya chombo kilichokuwa kimelala chini ya bahari.

Hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatujafundishwa. Jaketi la kuokolea huokoa maisha ya mtu aliye nje, juu ya maji. Lakini mtu aliyelivaa akiwa ndani ya chumba kilichojaa maji husukumwa juu na jaketi lake mpaka kwenye dari, akashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango. Hii haina maana kwamba tusivae. Maana yake ni kwamba bahari ikichafuka, vaa jaketi lako mapema, mvalishe mtoto linalomtosha, kisha kaeni mahali pa wazi au karibu kabisa na mlango wa kutokea, hata kama mtalowa.

Safari hizi ni za kuogelea pia, na kuogelea kuna mtego wake. Mwaka 1998 huko Australia, mume na mke kutoka Marekani walikwenda kupiga mbizi kwa siku moja katika Great Barrier Reef pamoja na kundi la watalii. Boti iliondoka ikawaacha majini. Haikugundulika kwamba hawapo mpaka siku mbili baadaye, na ishara ilikuwa mkoba wao uliobaki botini. Mkoba usio na mwenyewe ulikuwa unasema, na hakuna aliyeusikia kwa wakati. Hawakuonekana tena. Basi kila boti inaposimama ili watu waogelee, hesabu ifanyike kabla ya watu kushuka na baada ya kupanda, kwa majina, kwa sauti. Kama mabaharia hawahesabu, hesabu wewe. Mfahamu jirani yako wa kulia na wa kushoto, na injini ikiwashwa umtafute kwa macho.

Tusidhani haya ni ya Thailand na Australia tu. Julai 18, 2012, msimu wa kusi, MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, na roho nyingi zikapotea. Ile ilikuwa safari ya kawaida ya abiria. Miaka sita baadaye, Novemba 24, 2018, ikazama boti ya starehe: MV Templar, katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, ikiwa na watu waliotoka kujiburudisha wikiendi. Walikufa zaidi ya 30. Boti ilikuwa imejaa kupita kiasi na haikuwa na leseni. Kwa wale waliosimama ufukoni na kuitazama ikipakia, wingi wa watu pekee ulikuwa onyo la kutosha. Lakini palipo na muziki na marafiki, ni nani anataka kuwa wa kwanza kushuka?

Leo safari za kutwa zinaongezeka kwetu. Watu wanatoka Fumba kwenda kuogelea katika ghuba ya Menai, wengine Shimoni kwenda Kisite, wengine wanavuka kwenda Mbudya. Ni safari nzuri, zinawalisha vijana wengi wa pwani, na ningependa kila mtoto wetu aione bahari yake. Ninachoomba ni tuzifanye kwa macho mawili.

Usiku wa kuamkia safari, sikiliza utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za bahari kwa lugha yetu, kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Ukisikia upepo mkali na mawimbi makubwa kwa pwani unayokwenda, usiamke ukaenda kuulizia gatini kama kweli safari ipo. Ahirisha kabla hujafika, maana ukishafika na watoto wameiona boti, kusema hapana kunakuwa kugumu mara kumi.

Ukiwa gatini, uliza maswali mawili bila haya. Chombo kimeruhusiwa kubeba watu wangapi, na sisi tuko wangapi? Majaketi yako wapi, na ya watoto yapo? Jaketi lililofungiwa kwenye sanduku chini ya mizigo ni sawa na lisilokuwapo. Nahodha mwema hatakasirika kwa kuulizwa. Akikasirika, umeshapata jibu lako.

Kwenu ndugu zangu mnaoendesha safari hizi, najua msimu mbaya unabana na mkopo wa injini hausubiri. Lakini wekeni kwenye makubaliano yenu, tangu siku ya kulipia, kwamba bahari ikichafuka mgeni atarudishiwa fedha au atapewa siku nyingine. Mgeni akijua hapotezi, hatakusukuma utoke. Na wewe ukijua umeahidi hivyo, hutaona aibu kubaki. Manahodha wa gati moja mkikubaliana kwamba siku ya onyo hakuna atakayetoka, hakuna atakayempoteza mteja kwa jirani.

Tahadhari kabla ya hatari, walisema wazee, na neno zito hapo ni "kabla". Huko Phuket dalili zilikuwapo kabla ya boti kuondoka gatini: msimu ulijulikana, na onyo lilikuwa limetolewa. Baharini kulikuwa kumebaki matokeo tu. Nakusihi, msomaji mwenzangu, siku utakaposimama gatini na moyo wako ukasita, usiuzomee moyo huo kwa sababu ya nauli. Mshike mtoto wako mkono, mrudi nyumbani. Bahari mtaikuta siku nyingine.