Mgeni Mwenye Kulipa

Mtu akialikwa kwenye mkutano wa chuo kikuu Mombasa au Dar es Salaam, hakosi wa kumshauri pa kula. Ataambiwa asubuhi atafute mahamri na mbaazi, jioni viazi karai, Ijumaa biriani. Lakini akialikwa Kwa Vonza, wenzake watanyamaza kidogo, kisha mmoja atamwambia abebe mkate. Ushauri huo wa mkate nimeusikia mara nyingi, na hauniudhi kwa sababu ya chakula. Unaniudhi kwa sababu ya adabu.

Kwa Vonza iko kando ya barabara ya kutoka Machakos kwenda mjini Kitui, na ndiko liliko bewa kuu la Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, SEKU. Chuo kilipata hati yake mwaka 2013, lakini mizizi yake ni ile taasisi ya kilimo ya Ukambani, UKAI, ambayo wenyeji waliichangia kwa harambee. Kwa hiyo mgeni anayeshuka pale na mkate wake mkobani anaingia katika nyumba iliyojengwa kwa michango, akiwa ameshaamua kwamba wenye nyumba hawana cha kumlisha.

Atajitetea kwamba yeye hakuja kukirimiwa, alikuja kununua. Anayelipa hana deni na mtu. Hapo ndipo tunapoachana, kwa sababu naamini pesa hununua chakula tu, ugeni hubaki palepale. Na sijui sehemu nyingine ya Kenya inayolijua jambo hilo kuliko Kitui na Makueni.

Wakamba huzipa njaa zao majina. Ile ya 1984 inaitwa Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nazo mkononi. Zilizo mkononi ni pesa. Mvua ilikosekana, noti zikawapo, unga wa kununua ukawa haupatikani. Msichana wa mwaka ule leo ni mama wa makamo, na huenda ndiye anayekupakulia kibandani. Ukimwita kwa kumpigia vidole kwa kuwa una pesa, elewa kwamba anajua thamani ya pesa kuliko wewe.

Karne moja kabla ya hapo na zaidi, mgeni mwingine wa kutoka pwani alifunzwa somo hilohilo. Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyekaa Rabai, alifika Kitui mwaka 1849 akiwa mgeni wa Kivui, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu, na ni kutoka huko alikouona Mlima Kenya. Aliporudi 1851 msafara wao ulishambuliwa karibu na mto Tana, Kivui akauawa, Krapf akabaki peke yake nyikani. Alipoufikia mto hakuwa na kibuyu wala mtungi. Alijaza maji katika kifuko cha darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaendelea na safari. Hapakuwa na wa kumuuzia hata tone, na mwenyeji aliyekuwa kinga yake alikuwa amekufa.

Maji bado ni hesabu. Mito mingi ya huko ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Watu hufukua, huchota, na punda hubeba mitungi ya lita ishirini hadi mlangoni. Ndiyo maana jagi la kunawia huinamishwa taratibu, na mwenye busara hakingi mikono mara ya pili kwa kujifurahisha. Hakuna atakayekukemea. Wataona tu.

Sasa chakula chenyewe. Muthokoi ni mahindi makavu yaliyoloweshwa kidogo, yakatwangwa kinuni hadi ganda likatoka, yakapepetwa, halafu yakachemshwa kwa saa kadhaa pamoja na maharagwe au mbaazi. Siku hizi mashine hukoboa, lakini moto haujapatiwa njia ya mkato. Anayeketi saa saba akitaka sahani ndani ya dakika tano apewe chapati na ndengu, asilalamike, kwani ndengu za Kitui zina sifa yake na muthokoi wa haraka ni changarawe. Kama ni mbuzi, tafuta bucha yenye jiko lake la kuchomea. Uchague mbavu au paja, ipimwe ukiona, kisha uketi na uache kutazama saa. Ugali na kachumbari vitakuja na nyama.

Jambo moja hunitatiza. Bei za vibanda vya karibu na chuo zimepimwa kwa mfuko wa mwanafunzi anayesubiri mkopo wa HELB. Wageni wa semina wakimiminika saa sita na nusu na marupurupu yao, sufuria huisha kabla ya darasa kutoka. Mama wa kibanda amefaidika, kijana amelala na chai. Je, wageni waende kula hoteli kubwa za mjini? Sidhani, kwani hapo tumerudi kwenye mkate wa mkobani, ila umepakwa siagi. Afadhali waagize tangu asubuhi, chakula kiongezwe, au wangoje vijana wale kwanza.

Upande wa Makueni tabia hubadilika kulingana na barabara. Mtito Andei, katikati ya safari ya Nairobi na Mombasa, abiria hushuka kwenye basi, hula mbio, hupanda. Mpishi na mlaji hawatarajii kuonana tena, na mara nyingi chakula chenyewe kinakuambia hivyo. Wote, makao makuu ya kaunti, ni mbali na barabara hiyo, na aliyekuuzia leo atakuona kesho sokoni. Ukifika Januari, maembe yakiwa yamejaa, kula embe moja hapo kwa muuzaji kabla ya kununua la kubeba, umwambie kama ni tamu.

Na ukinishikilia nikutajie jina la hoteli, sitakutajia. Mama wa kibanda kizuri anaweza kuhama muhula ukiisha. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Wa kwanza bado anadanganyika, na wa nne anadaiwa kila mahali.